Gari Lako Nililoliteka Msibani

Mtani wangu mpendwa, uliye mbali na simu zote,

Nina jambo la kukiri kuhusu gari lako, na ninalikiri hadharani kwa sababu kosa lenyewe nililitenda hadharani, mbele ya jeneza lako na waombolezaji wote wa Temeke. Nililiteka kwa utani, nikapewa kweli. Nitafika huko. Ulikuwa mwalimu wa fizikia; hukupenda mtu aanze hesabu katikati.

Basi nianzie kwenye lango la shule yako, siku niliyomleta binti yangu kuanza kidato cha kwanza. Nilikuwa na lile gari langu la familia, la milango minne, rangi ya chai iliyozidi maziwa, ambalo mke wangu, shemeji yako wa baadaye, alikuwa amekwisha kulipa jina la Bi Mkubwa. Nikafungua buti, nikaanza kutoa: sanduku la bati, godoro, ndoo mbili, jembe, fagio, mkungu wa ndizi. Kisha nikafungua milango ya nyuma, wakatoka shangazi wawili na mtoto wa jirani aliyekuja kutazama tu. Wewe ulikuwa umesimama na chaki mkononi, unahesabu.

"Bwana, wewe mtu wa wapi?" ukaniuliza.

Nikasema mimi Mzaramo, mzaliwa wa Msasani. Uso wako ukakunjuka.

"Mzaramo na mizigo yote hii? Acha, utajiumiza! Mizigo ni kazi yetu sisi Wanyamwezi. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, wakawakuta babu zako wamejilaza wanasubiri ngoma ianze."

Nikakujibu kwamba babu zangu ndio waliowapa maji, maana mlifika mmekauka kama michembe, vile viazi vyenu vya kuanika juani. Binti yangu aliinamisha kichwa kwa aibu. Alidhani baba yake amegombana na mwalimu siku ya kwanza ya shule. Kumbe tulikuwa tumekwisha kupatana kwa maisha.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa hivyo, niseme kwa kifupi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, atachukua kitu chako mchana kweupe, na huna ruhusa ya kununa. Kitu hicho utakikomboa kwa kuku na kwa matusi makali kuliko ya kwake. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wanaokulilia.

Haukupita mwaka ukaja kwangu Kinondoni, nilikokuwa nakaa wakati ule, ukiwa ndani ya gari la spoti. Ulikuwa umelinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa halijawaka miaka miwili, na fundi wa kwanza aliyelitazama alikushauri ufugie kuku. Zamani lilikuwa jekundu; jua la Dar likaligeuza rangi ya ufizi. Milango miwili. Paa linafika kiunoni. Taa za mbele zimejificha ndani ya boneti, na ukibonyeza kitufe zinainuka, isipokuwa ya kushoto ilikuwa na uzito kidogo, inainuka mwenzake amekwisha kufika. Ukitazama kwa mbele unaona gari linakukonyeza.

Shemeji yako akatoka jikoni na upawa mkononi. "Shemeji, hilo gari limesimama au limekaa?"

Ukabonyeza kitufe. Taa ya kulia, kisha ya kushoto.

"Na linanitongoza mbele ya mume wangu!"

Mimi nikaona nafasi yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu kwamba mjukuu wa wapagazi amenunua gari lisilobeba hata gunia la mkaa. Ulishuka taratibu, ukajinyoosha, ukaniambia, "Babu alibeba kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi napumzika." Ukalipa jina la Kipanga. Tangu siku hiyo hatukukutana hata mara moja bila kubishana lipi gari na lipi si gari.

Unakumbuka harusi ya mpwa wangu kule Gongo la Mboto? Mkeo, Mama Shija, na shemeji yako walikuwa wamechoka na ubishi wetu, wakaamua tushindanishwe siku ile, watu wajue. Wewe ukapewa sufuria ya pilau, na kwa kuwa Kipanga hana siti ya nyuma inayostahili jina hilo, sufuria ikakaa mapajani mwa mkeo, imefungwa kwa kanga mbili. Mimi nikapewa kila kitu kingine: shangazi wanne, sahani, mikeka, vijiko, birika na madumu mawili ya maji. Tukaondoka pamoja Kinondoni. Kufika kona ya kwanza nilikuwa naona vumbi lako tu.

Mama Shija ndiye aliyetusimulia yaliyotokea njiani. Kila tuta ulilivuka mshazari, kama kaa, huku ukihema kana kwamba tumbo linalokwaruzwa ni lako. Kwenye matuta makubwa ulimwomba ashuke. Mwanamke wa watu, amevaa gauni la kwendea harusini, akashuka na sufuria ya moto, akavuka tuta kwa miguu, akapanda tena. Matuta matano. Pamoja na hayo yote ulifika dakika arobaini kabla yangu, na pilau ilikuwa bado inafuka moshi.

Ila huna sahani. Huna kijiko. Huna hata mkeka wa kukalisha watu. Wageni wakaizunguka sufuria wakiinusa, na mzee mmoja akaomba dua ya kuwafikisha salama wenye vyombo. Bi Mkubwa alipojitokeza, mwendo wake ule ule wa kwenda kumwona mgonjwa, alipigiwa vigelegele kuliko bibi harusi. Tukaanza kubishana nani ameshinda. Mama Shija akatutazama, jasho linamtoka, mafuta ya pilau begani.

"Nyie wawili mna gari moja," akasema. "Mmeligawana vibaya tu."

Kuna siku nyingine ambayo sijawahi kukushukuru kwa ajili yake. Unajua mimi ni mtu wa kuhama ndani ya mji ule ule. Nilizaliwa Msasani, wakati ambapo kuzaliwa Msasani hakukuwa na sifa yoyote, nikaenda Kinondoni, na mwisho nikaja huku Kinyerezi. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani, na mkono huu huu ndio uliochora upya mitaa ya kwetu Msasani, mpaka kiwanja cha baba yangu kikawa namba kwenye karatasi, kisha cha mtu mwingine. Sina wa kumlaumu. Mistari niliichora sawasawa. Lakini siku ya kuondoka Kinondoni nilikuwa nimejiandaa kulia, na nilikuwa nimemwomba shemeji yako asinitazame usoni.

Bi Mkubwa alikuwa amebeba nusu ya nyumba. Ndipo ukaja na Kipanga, ukasema umekuja kusaidia kuhama. Tulitafuta kitu cha kukupa. Kabati, halifai. Viti, havifai. Mwishowe ukabeba saa ya ukutani. Saa moja, peke yake, imekaa siti ya abiria, imefungwa mkanda. Ukaendesha mbele yangu njia nzima mpaka Kinyerezi, na kila nilipotaka kuhuzunika niliiona ile saa kupitia kioo chako cha nyuma, imekaa wima kama mama mkwe. Nilifika nyumba mpya nikiwa nimecheka hadi mbavu zinauma. Ahsante.

Bi Mkubwa alishinda mara moja tu bila ubishi, na niliuchukia ushindi wenyewe. Ilikuwa asubuhi Mama Shija aliponipigia simu kwamba umeshindwa kuinuka kutoka kwenye Kipanga. Ulikuwa umekaa ndani, mlango wazi, miguu nje, huna nguvu za kutoka wala za kuondoka. Tukakubeba, tukakulaza siti ya nyuma ya gari langu, kichwa kwenye mapaja ya mkeo, na ulienea wote. Nikaendesha kama ninavyoendesha siku zote. Tulipokaribia hospitali ukafumbua macho ukatazama paa.

"Kumbe huku nyuma kuna nafasi," ukasema. "Leo Bi Mkubwa ameshinda. Usimwambie Kipanga."

Sikumwambia.

Sasa msiba. Nilifanya kazi yangu, mtani, usingenionea haya. Nilivaa kofia yako, nikachuchumaa katikati ya uwanja na sahani mkononi kama usukani, nikapita mshazari juu ya miguu ya waombolezaji, kila jozi ya miguu tuta. Kwenye tuta la tatu nikamwamuru mama mmoja ashuke na sufuria. Mama Shija, aliyekuwa hajasema neno tangu alfajiri, akacheka na kulia kwa pumzi moja. Nilipoona hivyo nikapata kichaa. Nikafungua mlango wa Kipanga, aliyeegeshwa pale uwanjani, nikaketi, nikafunga, nikatoa kichwa dirishani.

"Huyu wangu! Marehemu aliniambia kwa mdomo wake. Kipanga anakwenda kwa Wazaramo, na hakuna Mnyamwezi wa kunitoa humu!"

Hapo ilitakiwa atoke mtu wa kwenu, anitukane mimi na ukoo wangu, aahidi kuku, na mimi nishuke. Lakini ndugu zako walikuwa bado njiani kutoka Tabora. Aliyekuwepo ni Shija. Mwanao wa pekee, aliyesoma bweni Moshi tangu darasa la tatu, anayetengeneza mitambo ya kompyuta ambayo mimi siwezi hata kuitaja, na ambaye hakuna aliyewahi kumweleza mtani ni nani. Alipita katikati ya watu, macho mekundu, akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya gari na ufunguo. Akanipa kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, kama mzee alikuahidi, sisi hatuna neno. Chukua."

Watu wote wakanigeukia. Niliyapima mambo haraka. Nikisema huu ni utani, nitakuwa nimeutangazia umma kwamba kijana hajui mila za baba yake, na baba yake bado hajafukiwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na si ya uongo. Ila kulikuwa na ya pili. Kiganja changu kilikuwa juu ya usukani, pale ngozi ilipolainishwa na kiganja chako, na sikutaka kukiondoa.

Nikasema, "Ahsante, mwanangu."

Kwa hiyo nimekaa na magari yote mawili miezi saba, na naweza kukupa matokeo yaliyopimwa, si ubishi. Bi Mkubwa ukimkalia anakupokea. Usukani wake una uvivu wa upana wa vidole viwili kabla tairi hazijasikia. Ukipita kwenye shimo, habari zinakufikia baadaye, tena kwa upole. Kwa Kipanga shimo ni lako lote, papo hapo. Unakaa chini kiasi kwamba mbuzi wanakutazama usoni. Kwenye mwendo wa arobaini nilijiona nimeiba kitu na ninakimbizwa. Shemeji yako alipanda mara moja, tukamtoa watu watatu. Akasema hilo si gari, ni vazi, na limembana kifuani.

Lakini kuna kona moja kwenye barabara ya kuja huku ambayo niliichora mimi, miaka ambayo nilikuwa kijana wa meza ya pili kutoka dirishani, kwa kalamu ya wino na kigezo cha mbao. Nakumbuka nilifuta mara mbili kwa wembe. Kona ile inaanza taratibu, inakaza, kisha inakuachia bila kukusukuma. Nimepita hapo na Bi Mkubwa mara nyingi sijui ngapi, na sijawahi kuisikia hata kidogo. Ni mahali pa kugeuza usukani tu. Nilipopita na Kipanga niliisikia kiunoni. Inaanza. Inakaza. Inaachia. Ndivyo nilivyoichora! Nikageuza gari nikapita tena. Nikageuza tena. Mara ya nne mama anayeuza mihogo pale pembeni akasimama.

"Babu, umedondosha nini hapo?"

"Nakagua barabara."

"Basi waambie watuwekee tuta. Kuna wazee wanakimbiza magari hapa."

Ulikuwa sahihi, mtani. Naliandika mara moja, usiniombe nirudie. Nimeishi mjini humu miaka yote hii nikidhani barabara ni kitu cha kufikia mahali, mimi niliyezichora, na wewe mtu wa kuja ndiye uliyekuwa unazisoma.

Na kila nilipofurahi hivyo nililipa nyumbani. Shija alikuwa anakuja kutuamkia kila mwezi, hakuacha. Analeta sukari, anauliza afya, anaondoka. Hakuuliza kuhusu gari hata siku moja. Ila wiki iliyopita nilikuwa dirishani, nikamwona amesimama uani akidhani hakuna mtu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa.

Nikatoka. Nikamketisha kibarazani, nikamweleza utani ni nini, na nini kilipaswa kutokea siku ile, na kwa nini nilinyamaza. Sababu zote mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo baba mdogo, ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania."

"Na hii miezi saba?"

"Hiyo si utani. Hiyo ni tamaa."

Akasimama, akaenda mpaka getini. Nikajua amekwenda. Akarudi.

"Unajua nilimwambia nini mama? Nilimwambia baba alikupenda wewe kuliko mimi. Kwamba ndiyo maana akakuachia wewe gari. Naye mama aliamini ahadi ilikuwepo."

Nilitazama viatu vyangu. Kosa nililoliona la gari kumbe lilikuwa limemnyang'anya kijana baba yake. Nikaingia ndani, nikarudi na bahasha ile ile, nikamwekea mkononi. "Lichukue leo. Hajawahi kuniahidi kitu. Siku ya mtihani wako wa mwisho alinipa simu yake nikupigie, nikadhani anataka kunionyesha simu mpya. Kumbe alitaka kujivunia wewe."

Aliishika bahasha, akaitazama. Kisha akanirudishia.

"Hapana. Si hivi. Kama kuna namna ya kulikomboa, nionyeshe. Baba aliijua."

"Kuku mmoja. Na unitukane."

"Kuku sawa. Kukutukana wewe? Baba mdogo, siwezi."

Shemeji yako akadakia kutoka jikoni, "Jaribu mwanangu! Mie namtukana mwaka wa arobaini huu, wala si kazi."

Kijana akajiweka sawa, akavuta pumzi. "Shikamoo," akaanza.

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Shemeji yako akamwambia mtu ukishamwamkia huwezi tena kumtukana, anza upya. Akaanza upya. "Wewe... unapenda sana nazi." Nikamwambia ni kweli, aendelee. "Gari lako... ni kubwa." Nikamshukuru. Nikamfukuza aende akajifunze, arudi Jumamosi. Kwa siku zote zile, Mama Shija ananiambia, simu ya Tabora haikupoa. Baba zake wakubwa walikuwa wanampa masomo kwa zamu, na yeye anaandika kwenye daftari.

Jumamosi, ambayo ni jana, akagonga geti saa tatu asubuhi. Yuko na mama yake na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Hakuamkia.

"Wewe Mzaramo! Toka nje nikuone!"

Nikatoka. Kulikuwa na watu wa kutosha mtaani, tena wakawa wanaongezeka. Nikamwuliza mtoto wa mpagazi anataka nini kwa waungwana. Daftari halikuonekana popote. Akanyoosha kidole.

"Babu zangu walitembea miezi mitatu kutoka Tabora, mizigo kichwani, wakafika hapa wakapata viwanja. Nyie mlizaliwa hapa hapa, na mkachelewa kufika!"

Mama Shija alijifunika uso kwa kanga. Mimi nikakaa chini, mtani. Nilicheka hapo hapo mavumbini. Neno lile lilipita moja kwa moja mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyethubutu kugusa tangu tulipoondoka Msasani. Watu hunipa pole huko, huinamisha sauti. Likaniwasha, kama kidonda kinavyowasha kikiwa kinafunga. Nilipopata pumzi nikamwambia jogoo apokelewe, gari limekombolewa.

Akaingia kwenye Kipanga. Ni mrefu kuliko wewe, magoti yalikaribia masikio, tukahangaika na siti mpaka ikakubali. Mama yake akakaa pembeni, safari hii hana sufuria. Nikainama dirishani, maana kwa gari lile lazima uiname, nikamwambia, "Nenda salama, mwanangu."

"Mwanao nani?" akasema, na akawasha gari. "Mie mtani wako."

Basi lala, na usiwe na haraka ya kuniita huko. Magari yamerudi kila moja kwa mwenyewe, na kiti chako kwenye ubishi kimepata mtu, mwenye mdomo mkali kuliko wako. Jumapili ya leo ningependa kukwambia kwamba tumemla jogoo wenu, lakini ni Mnyamwezi kamili: yuko motoni tangu saa nne, na bado hajakubali kuiva.

Mimi mtani wako,
Mzaramo wa Kinyerezi